Jiniasi wa Mwalimu

3 Februari

Kwa binti yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, zikukute mzima kama zinavyotuacha sisi huku. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, lakini hilo tumeshalizoea. Mama yako hajambo, yuko sokoni na mboga zake. Mwanao Kidoti anakula vizuri na ameng'oka meno mawili ya mbele, akicheka anafanana na bibi kizee.

Baada ya salamu, kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Mwanao ni jiniasi.

Mimi si mtu wa kulitupa neno hili ovyo, unanijua. Siku hizi kila mtoto anayeweza kuwasha redio ya babu yake anaitwa jiniasi. Upuuzi. Mwenye bidii si jiniasi. Anayekariri si jiniasi. Hata anayeshika namba moja kila muhula, huyo ana kichwa tu, na vichwa nimefundisha vingi. Jiniasi ni yule ambaye jibu linamjia bila kulitafuta, na ukimwuliza limetoka wapi hawezi kukueleza. Katika miaka thelathini na minne ya ualimu nilimwona mmoja tu, nawe unamjua ni nani.

Jumanne nilimsimamisha Kidoti sebuleni nikamwuliza thelathini na saba mara arobaini na nane. Mtoto wa miaka sita! Macho yake yakawa mbali, kisha akatamka tarakimu mojamoja: moja, saba, saba, sita. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu mwenyewe, mara mbili. Ndiyo hiyo.

Mwalimu Mkuu wa sasa nimeshamwambia. Furahi, binti yangu. Kilichoharibika kwako kitatengenezeka kwake.

Ni mimi baba yako.


19 Februari

Kwa baba,

Shikamoo. Natumaini goti linapata nafuu, ulikande kwa maji ya moto asubuhi. Mimi ni mzima. Kazi ni ileile, chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka asubuhi mpaka jioni, na mvuke wa pasi umenikausha midomo.

Baba, nina maswali mawili, naomba unijibu. Fimbo umeirudisha? Na mlipokuwa mnamwuliza mtoto, mama alikuwa amekaa wapi?

Tena nakuomba, usimwite mwanangu jina hilo. Hapa kazini tunalo. Juzi mwenzetu mmoja aliingiza soksi nyekundu pamoja na mashuka ya wodi nzima, yakatoka ya waridi. Msimamizi alikuja ameshika shuka moja kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa, akasema, "Haya, jiniasi wa leo ni nani?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikwenda chooni nikakaa. Nina miaka thelathini na nane na bado nilidhani ananiita mimi.

Nimemwacha Kidoti kwenu kwa sababu huku tunalala watatu chumba kimoja. Sikumleta afundishwe.

Hapa chini ni maneno ya mama, tafadhali msomee kama yalivyo:

Mama, shikamoo. Nasikia mikono yako siku hizi inafanya kazi sana. Ipumzishe. Kidoti akikosea, mwache akosee.

Wako, mwanao.


6 Machi

Kwa binti yangu,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu, wote wazima, na goti limesikia maji ya moto.

Maneno yako nimemsomea mama yako yote. Amefurahi mno, amekaa anatabasamu peke yake na sufuria mkononi. Unauliza anakaa wapi? Atakaa wapi, kama si jikoni? Maswali gani hayo ya kipolisi! Fimbo ipo juu ya kabati la vyombo, mahali pake. Haijamgusa mtoto zaidi ya mara tano sita, tena siku za mwanzo tu, kabla akili haijafunguka.

Sasa habari kubwa. Afisa elimu anakuja. Ataleta wageni wawili kutoka ile shule ya watoto wenye vipaji, ileile yako. Wamekubali kumwona Kidoti mbele ya wazazi wote, ukumbi wa shule, Jumamosi tarehe 28, saa nne asubuhi. Wakiridhika wanaondoka naye baada ya wiki mbili. Kulala hukohuko, kula hukohuko.

Nimemshonesha gauni jeupe.

Ni mimi baba yako.


14 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini nanyi pia.

Nilikuwa nimeapa jambo hili nitakwenda nalo kaburini, kwa ajili ya mama. Sasa nalisema. Mimi sikuwa jiniasi. Hata siku moja.

Kumbuka sebule ile. Wewe umekaa kitini, fimbo mapajani, mgongo wako umeelekea jikoni. Mimi nimesimama mbele yako. Mlango wa jikoni uko wazi na mama anakoroga chungu. Kila kosa, fimbo moja. Siku ya nne au ya tano, miguu yangu imeshavimba, nikamwona mama nyuma yako amenyoosha kidole. Kisha kingine. Mkono wa kulia ni moja mpaka tano, wa kushoto sita mpaka tisa, ngumi ni sifuri. Hakunifundisha. Nilielewa kwa sababu niliogopa. Alikuwa na jibu kabla hujamaliza kutamka swali, na chungu hakiungui.

Mama huyu, asiyejua kuandika jina lake, uliyekuwa ukimwita mbumbumbu mbele ya wageni, ndiye aliyekuwa akikujibu. Mimi nilikuwa mdomo tu. Ulipopiga kelele kwa mara ya kwanza, "Jiniasi! Nyumba yangu ina jiniasi!" yeye aligeuka akaendelea kukoroga.

Kisha ukanipeleka ukumbini, kisha redioni, mama yuko mbele kila mahali. Kisha ukanipeleka shule ile, na mama hakuwepo.

Mtihani wa kwanza nilipata nne katika hamsini. Walisema nina kiburi, najificha. Walinisimamisha jukwaani ili nione aibu nianze kujibu. Nilikuwa na miaka minane. Wenzangu hawakuniita kwa jina langu tena. Jiniasi, kalete ndoo. Jiniasi kajikojolea. Jiniasi, mbili na mbili ngapi? Miaka sita, baba, na likizo zote nilibaki hukohuko. Nilimwandikia mama kila mwezi nikimwomba aje kunichukua. Hakuja, wala hakujibu neno. Nilianza kumchukia, na sijui kama nimeacha.

Sasa anamfanyia Kidoti vilevile. Zuia jambo hili. Waambie wageni mtoto anaumwa. Ukiwa bado hunisadiki, mfungie mama jikoni kisha umwulize Kidoti saba mara nane.

Mwanao.


20 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara moja, inatosha. Unadhani umenishtua?

Kabati la vyombo lina milango ya kioo. Nilikikalia kiti kile nikilitazama kabati, na mlango wa jikoni ulikuwa humo ndani kama picha ukutani. Siku ya tatu ya vidole niliviona. Unadhani ni nani aliyekuwa akimwekea mama yako kiti mstari wa mbele, upande wa dirisha, penye mwanga? Ni mimi. Kwa mikono yangu.

Sasa nisikilize, maana hutanielewa usiponisikiliza. Nilisomea ualimu miaka miwili, nilikopa viatu vya kwendea. Yeye nilimkuta anauza mboga. Jioni nasahihisha madaftari ya darasa la saba, yeye anapita nyuma yangu na sahani, anasema, "Hapo si tisa." Hajui tisa inavyoandikwa, anasikia tu ninavyonong'ona! Unajua mwanamume anavyojisikia? Kama mtu amevuliwa nguo nyumbani kwake.

Neno jiniasi halimkai kila mtu. Mtoto akiwa jiniasi, watu wanampongeza baba. Muuza mboga akiwa jiniasi, mumewe anakuwa nani?

Kuhusu shule, ndiyo, nilijua utapata tabu. Lakini mkuu wa wilaya alikuwa ameshatangaza redioni. Ningesimama niseme nini? Nilidhani utajifunza hukohuko, watoto hujifunza. Barua zako mama yako alisomewa zote, usimsingizie mtu.

Jumamosi iko palepale. Kidoti atapita, na akishaingia atajitahidi kuliko wewe.

Ni mimi baba yako.


2 Aprili

Wewe,

Salamu sina.

Umenimaliza. Natembea na mwavuli jua la asubuhi ili watu wasinione uso.

Nilisema maneno ya kufungua, afisa elimu akanishika bega mbele ya ukumbi mzima. Nilikuona ukiingia na vumbi la safari. Nilidhani umekuja kumwona mwanao. Ukaenda moja kwa moja kwa mama yako, ukakaa, ukamshika mikono yote miwili. Yeye akafurahi! Alilia kwa furaha, mjinga yule, akalaza kichwa begani mwako. Nawe hukuiachia.

Mgeni akauliza sitini na nne mara ishirini na saba. Kidoti akatazama mikono ya bibi yake. Mikono iko ndani ya yako. Akatazama tena. Mgeni akauliza la pili, jepesi zaidi. La tatu. Mwishowe hesabu ya mtoto wa chekechea. Uliona maji yakishuka miguuni, gauni jeupe lote. Watu wakaanza kucheka, na bado hukuiachia mikono ile! Mimi mnaniita mkatili. Mimi sijawahi kumtazama mtoto vile.

Mama yako alikuwa akivuta mikono. Aliposhindwa akasimama, wewe unaning'inia naye, akasema kwa sauti ya sokoni: "Elfu moja mia saba ishirini na nane! La pili mia tatu na sita! La tatu tisini na moja! Mwacheni mtoto!"

Yule mgeni, kwa ujeuri, akamtupia swali kubwa, akajibiwa kabla hajakaa. Akamtupia jingine. Akajibiwa. Ndipo fundi viatu, nyuma kule, akapiga kelele: "Mwalimu! Kumbe jiniasi ulimwoa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Afisa elimu alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa napita sokoni wananiuliza, "Mwalimu, mume wa jiniasi, leo umekula?" Sijala. Mmeondoka alasiri ileile na mfuko mmoja na lile kasha lake la bati, sufuria mmeiacha na ukoko.

Mrudishe mke wangu.

Baba yako.


25 Aprili

Baba,

Sijui goti lako likoje. Sisi ni wazima wa mwili.

Nimepanga chumba nyuma ya hospitali. Kidoti haongei tangu siku ile, ila kwa bibi yake, tena kwa kunong'ona. Nikimgusa anakakamaa. Uliyoyasema kuhusu mikono ni kweli. Nilitaka uaibike wewe, na nikamtumia mwanangu, nikamtazama akilowa, nikaendelea kushika. Hilo ni langu, nitalibeba. Nimelipata kwako lakini ni langu.

Sasa nikwambie kuhusu kasha la bati.

Siku ya pili mama alilifungua mwenyewe. Nilidhani ni nguo. Zilikuwa barua zangu za shule, zote, zimefungwa kwa uzi wa kushonea, zimepangwa vizuri. Akachomoa moja yenye kona iliyoliwa na panya. Uso wake ulikuwa unang'aa. Akasema, "Nisomee hii, ile ya bustani. Baba yako amechoka kunisomea, anasema macho."

Nikaifungua. Niliandika hivi: Mama njoo unichukue. Nitaosha vyombo vyote. Sitakula sana. Wananipiga na wanasema mimi ni jiniasi. Ukija usimwambie baba.

Niliangalia uso wake, baba, nikashindwa. Nikasema uongo. Nikasema, mama, shuleni kuna bustani nzuri, nakupenda. Nikakunja karatasi.

Mama akasema, "Umesoma kwa pumzi mbili. Baba yako akiisoma hiyo, chai inapoa. Kuna maua mekundu na meupe. Kuna keki kila Jumapili. Kuna mwalimu anayekusuka nywele. Mwisho unasema mama usije, utanikatisha masomo. Hapo umeruka, au hapo hakuna?"

Akaikunjua karatasi, akanipa tena. "Soma kilichopo."

Nikasoma kilichopo. Akanipa ya pili. Nikasoma. Ya tatu. Kufika ya kumi sauti iliniishia, akaniinulia kikombe cha maji nikanywa, akanipa ya kumi na moja. Hakulia. Zilipoisha tayari jua limegeuka dirishani. Akasema, "Mia mbili na kumi na sita." Nilidhani anahesabu karatasi. Akasema, "Umeniita mara mia mbili na kumi na sita, na mimi nilikuwa nawasimulia wenzangu sokoni habari za keki."

Ndiyo maana alimwonyesha Kidoti vidole. Alidhani anamfungulia mtoto mlango wa bustani. Alidhani nilikuwa na furaha kule kuliko nyumbani, na alikubali kunikosa kwa ajili hiyo. Na mimi nimemchukia mwanamke huyu miaka thelathini.

Nilimwuliza pia maneno yangu ya Februari ulimsomeaje. Anasema ulimsomea hivi: mama, asante kwa mikono yako, endelea kumsaidia Kidoti.

Siku nne hakula. Ya tano akanywa uji.

Mwanao.


11 Mei

Kwa binti yangu mpendwa, na kwa mke wangu,

Nawasalimu kwa unyenyekevu. Natumaini Kidoti ameanza kuongea. Mimi si mzima, siwezi kudanganya, goti limefura na nyumba imekuwa kubwa. Jirani ananiletea chakula, anakiweka mlangoni na kuondoka.

Nakuomba jambo moja. Msomee mama yako barua hii yote, neno kwa neno, usibadilishe kitu. Naomba uaminifu huo.

Mke wangu, nilikusomea furaha. Ungependa ukeshe ukilia miaka sita? Kila Jumapili ya barua nilikuona umekaa mkekani unasubiri, uso kama wa bibi harusi, nikafungua karatasi nikakuta vilio vitupu. Nikakutungia. Mara ya kwanza kwa huruma, wallahi. Baadaye nikawa siwezi kurudi nyuma. Yale maua niliyatunga usiku mzima kichwani, hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza kama ulivyonisikiliza. Hapo tu ndipo nilipojiona nina kitu.

Sasa watu wote wanajua wewe ni nani, nami nasema kwa mdomo wangu kile nilichokataa miaka arobaini na moja: jiniasi ni wewe. Jiniasi wangu, rudi. Nitakufundisha kusoma, kuanzia herufi ya kwanza. Sebule ni ileile. Fimbo nimeichoma.

Nasubiri jibu.

Mumeo, na baba yenu.


30 Mei

Kwa baba,

Nimeisoma. Yote, neno kwa neno, kwa sauti. Mama alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho. Nilipofika pale unapomwita jiniasi wako alisema "aa," kama mtu aliyeona jiwe ndani ya ungo, akalitoa, akaendelea.

Nilipomaliza aliuliza, "Imeisha?"

Nikamwambia imeisha.

Akafuta mikono, akaichukua karatasi, akaigeuza. Alipoona upande wa nyuma hauna kitu akampa Kidoti achoree. Kidoti amechora basi lenye magurudumu saba. Nilimwambia mabasi hayana magurudumu saba, na mama akaniambia nimwache mtoto.

Hakuna jibu, baba. Nimeuliza mara mbili.

Mama Kidoti.